Vidukari wa viazi Lushoto: dawa ya virusi haimo kwenye chupa

Ndugu Mhariri,

Katika maduka ya pembejeo ya Lushoto, Soni na Lukozi, kila msimu wa viazi mviringo swali ni lilelile: kuna dawa gani kali ya kuua wadudu wanaokunja majani? Mkulima anauziwa chupa, anapiga wiki hii, anapiga wiki ijayo, majani yanazidi kujikunja, na msimu unaofuata anahamia chupa nyingine. Fedha inayopotea hapo ni nyingi, na sumu inayomwagwa kwenye miteremko iliyo juu ya vijito tunavyochota maji si haba. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini chupa hizo hazitibu ugonjwa zinaonunuliwa kuutibu, na ni kazi gani shambani inayousimamisha.

Wadudu wenyewe hawakunji majani kwa kiasi kinachoonekana. Kinachoyakunja ni virusi, na mara nyingi virusi hivyo vimeingia shambani ndani ya kiazi cha mbegu, kabla mdudu hata mmoja hajatua. Mdudu huja baadaye kuvigawa. Hakuna kiuatilifu chochote, cha bei yoyote, kinachoua virusi ndani ya mmea ulio hai. Mmea ukishaambukizwa, umeambukizwa hadi kwenye viazi vyake, na viazi hivyo vikipandwa huzaa mimea migonjwa tangu siku ya kuchomoza.

Mgawaji mkuu ni kidukari wa kijani (Myzus persicae), mmoja wa wale wanaoitwa pia wadudu mafuta. Ni mdogo, hafiki hata milimita 3, na hupenda kukaa chini ya jani, hasa majani ya katikati na ya chini ya mmea. Jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, kadhaa kwa siku, na katika joto la kawaida mtoto huwa mzazi ndani ya siku kama kumi. Wakisongamana, au mmea ukianza kuzeeka, huzaliwa wenye mbawa, na upepo huwapeleka shamba la jirani. Huku Usambara hawakosi pa kuishi hata siku moja: mabondeni kuna kabichi, pilipili hoho na nyanya za umwagiliaji mwaka mzima, kwenye miteremko kuna mipichi, na pembezoni mwa mashamba kuna mnavu na mranaha. Mvua kubwa za masika huwaangusha na kuwapunguza. Hali ya ukavu, hasa viazi vinapomwagiliwa mabondeni baada ya masika, ndiyo huwafanya wafurike.

Virusi wanavyobeba viko vya aina mbili zinazotutesa zaidi, na ni lazima zitofautishwe, kwa sababu dawa inasaidia kwa moja na haisaidii kwa nyingine.

Aina ya kwanza ni virusi vya kukunja majani. Hivi hukaa ndani kabisa, kwenye mishipa ya kusafirishia sukari. Kidukari hawezi kuvipata kwa kuonja tu. Inabidi atulie na afyonze kwa muda mrefu, kisha virusi vizunguke mwilini mwake kwa karibu siku nzima ndipo aweze kuviambukiza. Baada ya hapo hubaki navyo maisha yake yote. Kwa kuwa kuna muda huo wa kusubiri, dawa inayoingia ndani ya mmea inaweza kumuua kabla hajafika mmea wa pili. Dalili zake zinashikika kwa mkono: majani yamejikunja kuelekea juu kama mrija, ni magumu, na ukiyabana kwa vidole yanavunjika badala ya kupinda. Hapa pana jambo moja ambalo kila mkulima angelijua angeokoa fedha nyingi. Kama yaliyojikunja ni majani ya chini na mmea umedumaa tangu mwanzo, ugonjwa ulikuja na mbegu. Kama yaliyojikunja ni ya juu tu, huku ya chini yametanda vizuri, mmea uliambukizwa na vidukari msimu huuhuu.

Aina ya pili ni virusi Y, vinavyoleta batobato: jani lina mabaka ya kijani kibichi na kijani mpauko, uso wake unakunjamana, na wakati mwingine mishipa iliyo chini ya jani inakuwa myeusi na jani kuning'inia likiwa limekauka. Virusi hivi hubebwa kwenye ncha ya mdomo wa mdudu, kama sindano iliyotoka kwa mgonjwa ikachomwa kwa mtu mwenye afya bila kuoshwa. Sekunde chache za kuonja zinatosha kuvichukua, na sekunde chache nyingine zinatosha kuviacha kwenye mmea wa pili. Hata vidukari wasioishi kwenye viazi, kama wale wa kabichi au wa nafaka, hutua, huonja, hawapendi, huruka, na njiani wameshaambukiza. Dawa ya kuua wadudu huchukua dakika nyingi au saa kumlaza kidukari. Kazi ya virusi Y imekwisha zamani. Mbaya zaidi, baadhi ya dawa za wadudu zinaweza kumfanya kidukari ahangaike kabla ya kufa, aonje mimea mingi zaidi kuliko ambayo angeonja akiwa ametulia.

Kuna pia virusi X, ambavyo havihitaji mdudu. Huenezwa na mikono, majembe, na nguo zinazogusa majani wakati wa palizi. Peke yake havionekani sana, lakini vikikutana na virusi Y katika mmea mmoja, mmea huo haukupi kitu cha kupeleka sokoni. Kwa hiyo anayepalilia aanze na eneo lenye mimea mizima na amalizie kwenye migonjwa.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapa ndipo msimu unapopotea. Desturi iliyozoeleka ni kuvuna, kuuza vikubwa, kula vya kati, na kubakiza vile vidogo kuwa mbegu. Mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo. Kwa hiyo mtu anapochagua vidogo kutoka kwenye rundo, bila kujua vimetoka kwenye mmea upi, anachagua ugonjwa kwa mkono wake. Akifanya hivyo misimu minne au mitano mfululizo, shamba linakuwa na wagonjwa wengi kuliko wazima, mavuno yanaanguka, na watu wanasema mbegu "imechoka". Kilichoichosha ni virusi. Mkulima huyo anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake huku akipiga dawa kila wiki.

Njia ya kutoka hapo inaitwa uteuzi chanya, na vifaa vyake ni vijiti. Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP), chenye makao makuu Lima, Peru, kiliieneza mbinu hii Kenya pamoja na watafiti wa huko, na kwenye mashamba ya wakulima wadogo mavuno yaliongezeka kwa wastani wa zaidi ya asilimia 30 ukilinganisha na mbegu iliyochaguliwa kimazoea. Si mbinu ya kuonyeshwa mara moja na kusahauliwa, kwa hiyo tunaieleza kwa kirefu.

Kata vijiti vya mianzi au matete vyenye urefu unaozidi majani, ili vionekane hata mimea ikitanda. Maua ya kwanza yanapofunguka, kabla mistari haijafungana, ingia shambani. Wakati huo mmea umekua kiasi cha kuonyesha nguvu yake, na bado haujazeeka kiasi cha kuficha ugonjwa. Chagua siku ya mawingu, au lipe jua mgongo na ulitie jani kivuli cha mwili wako, kwa sababu batobato haionekani vizuri kwenye mwanga mkali. Pita mstari kwa mstari. Chomeka kijiti kwenye mmea ulio mkubwa kuliko wenzake, wenye mashina mengi na majani ya kijani kilichokolea, usio na jani lililojikunja, lenye mabaka wala lililonyauka. Mmea mzuri unaogusana na mgonjwa uache, hata ukikuvutia. Kukosea huku ndiko tunakokuona mara nyingi: mtu anachomeka kijiti kwenye kila mmea ambao si mgonjwa. Kijiti ni cha mmea bora, na mmea ambao ni "si mbaya" haustahili.

Baada ya wiki mbili rudi ukague ileile yenye vijiti. Mmea wowote ulioanza kuonyesha dalili, ng'oa kijiti chake. Usiongeze vipya.

Wakati wa kuvuna, yenye vijiti ivunwe kwanza, mmoja mmoja, kwa jembe la uma au kwa mkono, na viazi vya kila mmea viachwe pembeni ya shimo lake ili uvione pamoja. Hapa unachuja mara ya tatu. Mmea uliopendeza juu lakini chini una viazi vitatu, au vilivyopinda, au kimoja kimeoza, vyote viende jikoni au sokoni. Ile iliyozaa vingi na vizuri, chukua vyenye ukubwa wa yai la kuku. Kinachoamua ni mmea, na kiazi kidogo kutoka kwenye mmea bora ni mbegu nzuri kuliko kiazi kizuri kutoka kwenye mmea usioujua.

Hesabu yake ni hii. Ukipanda mstari kwa mstari sentimita 75 na shimo kwa shimo sentimita 30, ekari moja inachukua mimea kama 18,000, sawa na kilo 800 hadi 900 za mbegu zenye uzito wa gramu 45 hadi 50. Mmea bora ukikupa mbegu nane, unahitaji mimea 2,250. Kwa kuwa mingine itaondolewa raundi ya pili na mingine wakati wa kuvuna, chomeka vijiti 3,000. Mwenye robo ekari anahitaji vijiti 750 tu. Kama shamba halina mimea mizuri inayofikia idadi hiyo, shamba limekwisha kama chanzo cha mbegu na uteuzi hauwezi kuliokoa. Na kama umeona hata mimea michache yenye mnyauko bakteria, usichukue mbegu humo kabisa, hata kwa vijiti, kwa sababu viazi vinavyoonekana vizima hubeba bakteria kimyakimya.

Anayeanza upya anunue mbegu iliyothibitishwa na aangalie lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye gunia. Bei yake huwatisha wengi, na tunawaelewa, lakini hakuna anayemlazimisha mtu kununua ya ekari nzima. Nunua kilo 50. Hizo ni mbegu kama 1,000, zinazohitaji kipande cha mita za mraba 225 hivi. Tenga kipande hicho kiwe cha mbegu peke yake, mbali na viazi vingine na mbali na hoho na nyanya, upande unaotoka upepo. Msimu mmoja unakupa mbegu zinazokaribia 8,000, na wa pili zinatosha ekari na ziada ya kumuuzia jirani. Kadiri kipande kinavyokuwa juu, penye baridi na upepo, kama maeneo ya Shume na Magamba, ndivyo vidukari wanavyokuwa wachache. Wakulima wa chini wakiagiza mbegu kutoka huko juu kwa mtu anayejulikana kwa kuchomeka vijiti, wote wawili watafaidika.

Kwenye kipande cha mbegu, mimea migonjwa haisubiri maua. Anza kuing'oa mimea ikifika kimo cha kiganja, rudia kila wiki hadi mistari ifungane. Ng'oa mmea pamoja na kiazi mama na viazi vichanga vyote, maana kikibaki kimoja kitachipua tena. Uweke ndani ya mfuko uliofungwa papo hapo, kabla hujausogeza. Tumeona mashamba ambayo mimea migonjwa inang'olewa na kurundikwa kwenye njia ya katikati: jani linaponyauka, vidukari waliojaa virusi hushuka na kutembea hadi mmea mzima wa karibu, na ndani ya wiki mbili mgonjwa mmoja amezungukwa na duara la wagonjwa. Mifuko ipelekwe nje, mimea ifukiwe kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Viazi vilivyotoka humo vinalika, kwani virusi vya mimea havimdhuru mtu. Na yale maotea ya viazi vya msimu uliopita, yanayochomoza katikati ya mahindi au kabichi, nayo yang'olewe. Hayo hukaa na virusi msimu mzima bila kutazamwa na mtu.

Kabla ya kushika bomba, hesabu wadudu. Tembea shambani kwa mstari wa kukata kona, chuma majani 100 kutoka mimea 100, mengi yawe ya katikati na ya chini, geuza kila jani na hesabu vidukari wasio na mbawa. Kwa shamba la mbegu, wakifika 10 kwenye majani 100 ni wakati wa kuchukua hatua. Kwa viazi vya kula, shamba linaweza kuvumilia wengi zaidi, na mara nyingi wadudu kobe wekundu wenye madoa meusi, funza wa nzi wa maua na nyigu wadogo sana watawamaliza bila gharama. Ukiona vidukari waliovimba na kuwa rangi ya khaki, wamekauka palepale kwenye jani, hao wameuliwa na nyigu kutoka ndani, na shamba lako lina walinzi. Kuwatambua wenye mbawa wanapoanza kuingia, weka beseni la manjano lenye maji na matone ya sabuni, kwenye kimo cha majani. Rangi hiyo huwavuta, na ukikagua kila baada ya siku mbili utajua wimbi limefika kabla ya majani kukwambia.

Dawa ikilazimu, kwanza soma jina la kiambata, yaani sumu yenyewe iliyomo ndani, usisome nembo. Lambda-cyhalothrin, cypermethrin na deltamethrin ni jamii moja. Ukibadilisha chupa ndani ya jamii hiyo hujabadilisha kitu, na kidukari wa kijani ni mmoja wa wadudu waliojenga usugu mkubwa duniani dhidi ya dawa za jamii hiyo. Dawa hizo huwaua wadudu kobe na nyigu kwanza, kisha vidukari sugu wanabaki na shamba zima bila adui. Ndiyo sababu mtu anapiga Jumatatu, na wiki mbili baadaye ana vidukari wengi kuliko jirani asiyepiga. Imidacloprid, thiamethoxam na acetamiprid ni jamii nyingine, huingia ndani ya mmea na husaidia kuzuia virusi vya kukunja majani. Zitumike mapema, mimea ikiwa michanga, na zisipigwe wakati wa maua kwa sababu ya nyuki. Usirudie jamii moja mfululizo. Hakikisha dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kipimo ni cha kwenye lebo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinaheshimiwa.

Kipimo kwa ekari hakina maana kama hujui bomba lako linatoa maji kiasi gani. Pima eneo la mita 10 kwa 10, tia maji matupu, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia yaliyotumika. Kama ni lita 5, zidisha kwa 40: unatumia lita 200 kwa ekari, yaani bomba 13 na theluthi za lita 15. Gawanya kipimo cha ekari kwa idadi hiyo. Kifuniko cha chupa si kipimo. Nozeli igeuzwe itazame juu, ikipita chini ya majani, asubuhi na mapema au jioni upepo ukitulia. Anayepuliza juu ya majani kama anamwagilia maji, ananyeshea upande ambao kidukari hayupo.

Kwa shamba dogo lenye vidukari wachache, sabuni ya maji mililita 5 hadi 10 kwa lita inawaua wale inaowagusa. Ijaribu kwenye mimea michache kwanza na usipige jua likiwa kali. Mwarobaini, ambao pwani ya Tanga umejaa, nao unafaa: gramu 50 za mbegu kavu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, gramu 750 kwa bomba la lita 15, loweka usiku kucha, chuja vizuri kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, na upige jioni siku hiyohiyo kwa sababu jua huiharibu haraka. Haiui papo hapo. Hupunguza kula na kuzaana, kwa hiyo asiyeona maiti asubuhi asidhani imeshindwa.

Jambo jingine lisilosemwa ni dawa za ukungu. Bakajani chelewa ni adui mkubwa huku milimani, na hatumshauri mtu aache kukinga. Lakini kuna kuvu wa asili wanaoua vidukari wakati wa unyevunyevu, na dawa za ukungu zinazopigwa ovyo kila wiki, mvua ipo au haipo, huwaua nao. Piga kwa kufuata hali ya hewa. Na kuchanganya dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye bomba moja "ili kazi iishe" ni kulipia dawa ya wadudu hata siku ambayo hawapo.

Dhidi ya virusi Y, ambavyo dawa haiviwezi, kinga ni kumchanganya mdudu kabla hajafika. Kidukari mwenye mbawa huvutwa na ukingo ambapo kijani kinakutana na udongo mtupu, na hutua hapo kwanza. Panda mistari miwili au mitatu ya mahindi au ngano kuzunguka kipande cha mbegu, wiki mbili au tatu kabla ya viazi ili viazi vikichomoza vikute ukingo umeshakuwa wa kijani. Akionja hapo anaacha virusi vyake kwenye mmea usiougua. Usiache njia ya udongo mtupu kati ya ukingo na viazi, maana utakuwa umetengeneza ukingo mpya ndani. Kutandaza nyasi kavu kati ya matuta viazi vinapochomoza nako hupunguza wanaotua, na huhifadhi maji kwenye miteremko yetu.

Shamba la mbegu lisiachwe likauke lenyewe. Viazi vikifika ukubwa wa yai, kata mashina yote usawa wa ardhi na uyatoe. Virusi vilivyoingizwa na vidukari wa mwisho wa msimu huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuteremka hadi kwenye viazi. Ukikata mapema unavikatia njia. Subiri siku 14 ganda likomae, kisha vuna.

Halafu ghala. Wengi wakishavuna hudhani vita vimekwisha, kumbe vidukari huingia ghalani na kuzaliana kwenye machipukizi. Hapo virusi vya kukunja majani hupita kutoka chipukizi hadi chipukizi, na mbegu iliyotoka shambani ikiwa nzima hupandwa ikiwa mgonjwa. Mbegu iliyofungiwa gizani kwenye magunia huota machipukizi marefu, meupe, laini, na vidukari huyapenda mno. Tandaza mbegu kwenye trei au chanja, tabaka mbili au tatu, penye mwanga hafifu usio wa jua la moja kwa moja na hewa inayopita. Machipukizi yatakuwa mafupi, manene na ya kijani. Ziba madirisha kwa wavu wenye matundu madogo sana, kwani chandarua cha kawaida cha mbu hakimzuii kidukari. Kila wiki chukua viazi 20 kutoka trei tofauti, utazame shina la chipukizi pale linapoungana na jicho la kiazi. Kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha: utaona vidoa vya kijani au vya kahawia vimejipanga, pamoja na maganda meupe waliyojivua. Trei yenye wadudu itolewe ghalani siku hiyo, na viazi vyake visirudi kwenye kipande cha mbegu.

Nondo wa viazi haenezi virusi, ila funza wake hutoboa kiazi na kufungua mlango wa kuoza. Pandishia udongo vizuri ufunike viazi, ziba nyufa, usiache viazi vilivyovunwa vilale shambani, na kamwe usivifunike kwa mashina yake, kwa sababu funza walio kwenye mashina watahamia. Ghalani, majani makavu ya mkaratusi yaliyopondwa na kutandazwa chini na juu ya viazi humfukuza. Vijidudu wanaochora mistari kwenye majani wanatisha macho kuliko wanavyopunguza mavuno, na kwa kawaida hawastahili dawa. Mnyauko bakteria, unaoangusha mmea ghafla ukiwa bado wa kijani, haupaswi kupigiwa dawa ya wadudu kabisa. Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi: ukitoka ute mweupe kama uzi wa maziwa, ni bakteria, na umeletwa na mbegu, udongo, maji au jembe.

Ndugu Mhariri, kwa Halmashauri za Lushoto na Bumbuli tuna ombi moja linalotekelezeka: kila kata inayolima viazi iwe na kipande kimoja cha mfano, robo ekari, nusu yake ikipandwa mbegu ya vijiti na nusu mbegu ya mabaki, kando kwa kando, bila tofauti ya mbolea wala dawa, na wakulima waitwe siku ya kuvuna waje na mizani yao. Kwa wenye maduka ya pembejeo, tunawaomba wamwambie mteja alete mmea mzima, na mizizi na kiazi mama, kabla ya kumuuzia chupa. Na wanunuzi wanaopakia viazi kwenda Tanga mjini na Dar es Salaam wasiwauzie wakulima viazi vya kula kwa jina la mbegu. Gunia moja la namna hiyo linatosha kuchafua kijiji.

Gazeti lako linafika mahali ambapo bwana shamba hafiki kila wiki. Viazi vilivyopandwa mwanzoni mwa Machi huanza kutoa maua mwishoni mwa Aprili hadi Mei, na vya vuli vilivyopandwa Oktoba hutoa maua kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba. Tunaomba uchapishe ukumbusho wa vijiti wiki moja kabla ya vipindi hivyo viwili, ili watu wawe wamevikata na kuvichonga mapema.

Wazalishaji wa mbegu za viazi mviringo,
Lushoto, Tanga